Muuaji anasomwaje kwa mwenye mimba? Jibu langu kuhusu Angulimala

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mdada wa Tanga nafanya kazi hotelini Muscat. Tuna mwenzetu wa Sri Lanka ana mimba ya miezi saba, kila jioni akirudi chumbani anaweka simu kwenye mto anasikiliza kisomo cha dini yao, na mkononi kafungwa uzi mweupe. Nikamuuliza ni kisomo gani, akasema cha Angulimala, kwamba huyo mtu aliua watu 999 akawakata vidole akavivaa shingoni, halafu Buddha akamsamehe siku moja tu akawa mtakatifu. Sikulala. Muuaji anamwombeaje mwenye mimba? Na kinachoniuma zaidi, nyumbani mtoto wa mama mdogo katoka jela mwaka jana, alimuua mtu kwenye ugomvi, sasa hivi kashika dini kweli kweli na bibi anataka wote tuseme yameisha. Mimi nashindwa. Je stori hii ni ya kweli? Na wale 999 haki yao iko wapi?"

Marahaba dada yangu, na pole kwa usingizi uliokatika.

Nimekusoma mara mbili, naona humo ndani umefunga maswali matatu kwenye pindo moja la khanga: kama jamaa huyu alikuwepo, kama ni haki muuaji kuitwa mtakatifu, na kama wewe una deni la kusema "yameisha" kwa ndugu yako. Nitayafungua ila sio kwa mpangilio huo, maana ukianza na haki kabla hujajua stori inasema nini utajikuta unagombana na kitu ambacho hakijasemwa.

Tuanze na hiyo 999. Simulizi kongwe ya Angulimala tuliyo nayo kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Wabuddha wa Sri Lanka, Thailand na Myanmar, ni sutta (hotuba ya Buddha) ya 86 kwenye mkusanyiko unaoitwa Majjhima Nikaya. Ilikaririwa kwa mdomo karne na karne mpaka ikaja kuandikwa huko Sri Lanka karne ya 1 kabla ya Kristo. Isome mwanzo mpaka mwisho, 999 huikuti popote. Inasema tu kwamba katika nchi ya Kosala, kaskazini mwa India ya leo, kulikuwa na jambazi mikono imejaa damu, hana huruma na kiumbe, vijiji na miji imebaki mahame kwa ajili yake, na anavaa shada la vidole vya aliowaua. Jina lake ndiyo hilohilo, anguli ni kidole, mala ni shada. Kwa nini anaua? Hakuna. Alianzaje? Hakuna.

Ile ya 999 inatoka kwenye vitabu vya ufafanuzi vilivyokusanywa kuanzia karne ya 5 baada ya Kristo, vya mtawa mfafanuzi Buddhaghosa na waliokuja baada yake, yaani karne nyingi sana baadaye. Huko ndiko utasikia kwamba usiku aliozaliwa silaha za mji mzima ziling'aa, baba yake alikuwa kuhani wa mfalme, akapelekwa kusoma Takkasila (iko Pakistan ya leo, wengi wanaijua kama Taxila), akawa kipanga wa darasa, wenzake wakaona wivu wakamchongea kwa mwalimu kwamba anamtaka mke wake. Mwalimu akaogopa kumuua kwa mkono wake, akamwambia ada yangu ya kukumalizia masomo ni vidole elfu vya mkono wa kulia. Basi kijana akaingia msituni, akawa anahesabu anapotea hesabu ndiyo akaamua kuvitunga uzi avae shingoni, mpaka kikabaki kimoja, na anayekuja njiani siku hiyo ni mama yake mzazi, katoka nyumbani kuja kumwonya kwamba mfalme anamtafuta.

Tamu eeh? Mimi mwenyewe naipenda. Ila angalia inafanya nini: inamtafutia kisingizio. Kachongewa, katumwa na mwalimu, alizaliwa na nyota mbaya. Wasimulizi wa baadaye walishindwa kumvumilia muuaji asiye na sababu, kama sisi tu tukisikia fulani kaua cha kwanza tunauliza alikuwa amelewa? au karogwa? Sutta kongwe haimpi hata nusu ya kisingizio. Anaua, basi.

Kama alikuwepo? Mimi naamini alikuwepo mtu. Simulizi yake imepita njia zaidi ya moja, ipo ya Kipali na zipo za Kichina zilizotafsiriwa kutoka matoleo mengine ya Kihindi, zinagongana vitu vingi lakini jambazi wa vidole na yale mazungumzo ya barabarani yapo. Na msafiri wa Kichina Faxian alipofika Savatthi, mji mkuu wa Kosala, mwanzoni mwa karne ya 5 alionyeshwa mahali alipochomewa maiti. Leo hii ukienda Sahet-Mahet, ndiyo Savatthi ya zamani, jimbo la Uttar Pradesh karibu na mpaka wa Nepal, utaonyeshwa kilima cha matofali kinaitwa Pakki Kuti, watu wanasema ndiyo stupa yake, yaani jengo la kumbukumbu yake. Matofali hayathibitishi kitu, nakubali. Kinachonishawishi mimi ni aibu, na nitakuja kwenye hiyo aibu chini huko. Kuna profesa wa Oxford, Richard Gombrich, aliwahi kupendekeza kwamba huyu hakuwa jambazi wa kawaida, alikuwa mtu wa ibada fulani ya kikatili inayohusiana na Shiva, mungu wa Kihindu, na vile vidole ni mambo ya kafara. Wazo zuri la kuchangamsha wasomi, wengi hawakulikubali, tuendelee.

Sasa barabarani. Buddha amemaliza kula, kaweka tandiko lake sawa, kachukua bakuli na joho anashika njia ya kwenda kule kule. Wachunga ng'ombe na wakulima wanamwambia mtawa usipite huko, watu kumi wamepita pamoja, ishirini, thelathini, arobaini, na bado wameishia mikononi mwake. Hajibu, anatembea. Wanamwambia tena, na tena. Angulimala kwa mbali anamwona, anashangaa, huyu yuko peke yake? Anachukua panga na ngao, upinde na podo la mishale, anaanza kumfukuzia kwa nyuma. Anakimbia kwa nguvu zake zote, na yule mtawa anatembea mwendo wake wa kawaida wa mtu aliyeshiba, na hamfikii. Anajisemea mimi nimewahi kumkamata tembo anakimbia, farasi anakimbia, gari la farasi, swala, sasa huyu vipi? Anasimama anapiga kelele: Simama mtawa! Simama!

Na Buddha huku anatembea anamjibu: Mimi nimesimama, Angulimala. Simama na wewe.

Hapa lugha yetu inatubeba kuliko Kiingereza, maana kwa Kipali neno ni tittha na lina maana zote mbili kama simama yetu, kuacha kwenda na pia kuwa wima imara. Anayetembea anasema nimesimama, na aliyesimama tuli anaambiwa simama. Jambazi anachanganyikiwa, anataka aelezwe. Maelezo ni mafupi: mimi nimeshaweka chini fimbo kwa kila kiumbe, ndiyo maana nimesimama, wewe hujajizuia, ndiyo maana hujasimama. Angulimala anatupa panga na silaha zake kwenye korongo, anainama miguuni, anaomba utawa, anaambiwa njoo, mtawa.

Umeona neno "nimekusamehe" hapo? Halipo. Hapa ndipo mwenzako, na sio yeye peke yake, hata video nyingi za mtandaoni, wanapochanganya. Sisi tumekulia kwenye dini ambazo Mungu ana mamlaka ya kufuta dhambi, kwa hiyo tukisikia muuaji kapokelewa tunajaza wenyewe kwamba kasamehewa. Kwenye Ubuddha hakuna mwenye hilo daftari. Buddha hafuti, hawezi kufuta, na hajidai kufuta. Tendo lililofanywa kwa kukusudia ni mbegu (karma ndiyo hiyo, nia iliyotendwa) na mbegu ikikomaa inazaa bila kuuliza kama mwenyewe siku hizi anasali sana.

Sasa utauliza, kama haifutwi, ilikuwaje akafikia kuwa arahant, yaani mtakatifu aliyekata mizizi yote ya tamaa? Mahali pengine, kwenye mkusanyiko mwingine uitwao Anguttara Nikaya, Buddha anatoa mfano wa bonge la chumvi. Litie kwenye kikombe cha maji, hayanyweki. Bonge hilohilo litie kwenye mto Ganges, mto hauwi na chumvi. Chumvi haijapungua hata chembe, kilichobadilika ni ukubwa wa maji. Mtu aliyejijenga ndani akawa mpana, tendo lilelile linamfikia tofauti na lingemfikia mwembamba. Hiyo ndiyo hesabu yao. Unaweza usiipende, ila ielewe kwanza. Na ina mipaka, kuna matendo matano kwao malipo yake hayakwepeki kwenye maisha yanayofuata, na la kumuua mama limo. Ndiyo maana wale wafafanuzi wa baadaye walimweka mama yake pale njiani, wanataka ujue kwamba Buddha alifika dakika ya mwisho, angechelewa kidogo mlango ungefungwa.

Siku moja? Hapana dada. Siku moja alitupa panga. Baada ya hapo sutta inasema aliishi peke yake, kwa bidii, ndipo akafika. Na kuna mambo yaliyompata, mengine kabla hajafika na mengine baada ya kufika.

La kwanza ni mfalme. Mfalme Pasenadi wa Kosala katoka na farasi mia tano kwenda kumsaka, maana wananchi wamepiga kelele getini kwake. Anapitia kwa Buddha kwanza pale Jetavana, makao ya watawa nje ya Savatthi, Buddha anamtania, vipi, mfalme Bimbisara wa Magadha kakuvamia? Au Walicchavi wa Vesali? Anasema hapana, namsaka Angulimala. Na kama ungemkuta kanyoa kichwa, kavaa joho, hali ila mara moja kwa siku, haui tena, ungemfanyaje? Ningemsalimu ningempa mahitaji, ila huyo atoke wapi na tabia zile. Buddha ananyoosha mkono wa kulia: ndiye huyo hapo. Mfalme ananywea, nywele zinamsimama. Akishatulia anamuuliza ukoo wa baba na mama, anaahidi kumpa joho na chakula, Angulimala anasema ahsante, joho ninazo tatu zinatosha. Mfalme anaondoka akisema sisi tulishindwa kumtuliza kwa fimbo na silaha, wewe umemtuliza bila kitu.

La pili ndiyo ile aibu niliyokuahidi. Kwenye vitabu vya sheria za watawa, Mahavagga, imeandikwa kwamba watu wakimwona huyu mtawa mpya walikuwa wanakimbia, wanabadili njia, wanafunga milango, na wakalalamika, hawa watawa wanapokeaje jambazi anayejulikana? Unajua Buddha alifanya nini? Hakuwapa mahubiri kuhusu kusamehe. Aliweka sheria: kuanzia sasa jambazi mashuhuri asipokelewe utawa. Nani atunge kitu kama hicho kumpamba mtakatifu wake? Ni doa, na wakaliacha kwenye vitabu vyao mpaka leo. Hofu ya wale waliofunga milango haikuitwa chuki, ilisikilizwa ikawa sheria.

La tatu, mawe. Angulimala, sasa tayari ni arahant, anaingia Savatthi asubuhi kuomba chakula. Mtu karusha bonge la udongo, mwingine karusha fimbo, mwingine kigae. Anarudi kichwa kimepasuka damu inatiririka, bakuli limevunjika, joho limechanika. Buddha anamwona anakuja kwa mbali, na hasemi wamekukosea hao, hasemi tutawashtaki. Anamwambia vumilia, vumilia, unavuna hapa hapa matunda ya matendo ambayo yangekuchoma motoni miaka mamia kwa maelfu. Bibi yako Tanga angesema malipo ni hapa hapa duniani, na angekuwa amepatia.

Kwa hiyo mtakatifu huyu haponi mawe. Anayarudisha? Harudishi. Analalamika? Halalamiki. Ila hayaponi.

Tuje kwa mwenye mimba, maana hapa ndipo stori inakuwa nzuri kuliko video zote. Asubuhi moja, kabla hajafika huko kwenye utakatifu, anapita mjini na bakuli lake anamwona mwanamke uchungu umemshika mtoto hatoki. Mtu ambaye alikuwa anakata vidole anarudi kwa Buddha moyo umemuuma. Buddha anamwambia nenda kamwambie: dada, tangu nizaliwe sikumbuki kuua kiumbe kwa kukusudia, kwa ukweli huo uwe salama wewe na mimba yako. Angulimala anakataa. Anasema bwana, huo si uongo wa makusudi? Mimi nimeua wengi kwa kukusudia. Buddha anarekebisha: basi sema, dada, tangu nizaliwe kwa uzao huu mtukufu, sikumbuki kuua. Uzao wa pili, yaani siku ile ya korongo. Akaenda akasema hivyo, mwanamke akawa salama na mtoto wake.

Kwa hiyo mwenzako hamwombi muuaji. Anasikiliza sentensi ya kweli. Kwao ukweli uliosemwa bila kupunguza wala kuongeza una nguvu yake wenyewe, na sentensi hii ina nguvu kwa sababu aliyeisema alikataa kwanza kuisema kwa uongo. Angeweza kujinyamazia, nani angejua? Mwanamke yule angeambiwa "tangu nizaliwe" angefurahi tu. Yeye alisema hapana, nimeua. Sri Lanka wanaisoma kwa wajawazito mpaka leo, pirith wanaiita, watawa wanashika uzi mweupe wakati wa kusoma halafu wanaukata vipande wanawafunga watu mkononi, ndiyo huo uliouona. Nilishawahi kukaa kwenye kisomo kama hicho, kuna jagi la maji katikati na uzi unapita mkono kwa mkono mpaka kwa mama mwenyewe, watoto wanasinzia, mtu mmoja anahangaika na feni. Kawaida kabisa, kama kisomo chetu tu. Ila mwambie kliniki asikose, na akiona damu, au kichwa kinauma sana na macho yanaona maluweluwe, au mtoto hachezi, aende hospitali saa hiyohiyo, simu ikae kwenye mkoba ikisoma njia nzima kama anataka.

Sasa haki ya waliokufa. Sitakudanganya, stori hii haiwatoshi. Hakuna hata mmoja wao aliyetajwa jina. Hakuna mjane anayekuja Jetavana kuuliza. Sutta haisemi hata wale waliorusha udongo walikuwa nani, ila kwa mimi ule udongo ndiyo sauti yao pekee. Kwenye beti zake Angulimala anasema jina langu ni Ahimsaka, asiyedhuru, na zamani nilikuwa mdhuru, leo ndiyo jina limekuwa kweli, na anawatakia hata wanaomchukia wayasikie mafundisho aliyoyasikia yeye. Wakosoaji wanasema ni rahisi kwake kusema hivyo, na wana hoja. Wapo pia waliolichukua jina lake kwa kazi nyingine, Uingereza tangu 1985 kuna shirika la Wabuddha linalohudumia wafungwa magerezani, limejiita Angulimala, kwa maana kwamba aliyeko ndani hajafikia mwisho wake. Mambo mawili hayo mimi nayashika yote kwa pamoja na hayakai vizuri mkononi, hayajawahi.

Kuhusu ndugu yako. Mimi si mshauri wa familia, nakwambia tu ninachokiona kwenye maandishi. Bibi anataka kwako kitu ambacho hata Buddha hakuwaambia watu wa Savatthi, kusema yameisha. Inawezekana kabisa kijana kasimama kweli, na inawezekana vilevile wewe bado unafunga mlango. Kinachokupasa kujua ni kama anasema "nimeua" au anasema "yale mambo ya zamani". Kama anaweza kulitaja tendo kwa jina lake, mbele ya familia ya marehemu na sio mbele ya bibi tu, hapo pana pa kuanzia, na kuanzia kunaweza kuwa kumsalimia tu kwenye simu, sio lazima kumkumbatia. Kama analazimisha, anakasirika watu wakimwogopa, anataka mawe yaishe ndiyo atulie, basi usiharakishwe.

Hili jambo msilimalize kwenye grupu la familia la WhatsApp, tafadhali. Ukirudi likizo kaeni na mtu mzima ambaye pande zote mbili zinamheshimu, sheikh, mchungaji, au afisa ustawi wa jamii wa wilaya, hao kazi hiyo wanaijua. Akitishia mtu yeyote au akinyanyua mkono, hapo si suala la kusameheana tena, ni polisi. Na wewe kama usingizi haurudi wiki mbili tatu, unaona damu ndotoni, kazini mwili unatetemeka, muone daktari huko Muscat umweleze hayo hayo uliyoniandikia. Ukitaka kuuliza zaidi mambo ya Kibuddha uso kwa uso, ukipita Dar es Salaam kuna hekalu la Wasinhala lililoanzishwa tangu enzi za Mwingereza, watawa wapo na wanapokea wageni.

Leo jioni mwenzako akiweka simu kwenye mto mwombe ukae naye usikilize. Sentensi yenyewe ni fupi, inaanza "yatoham bhagini", inaishia kwenye mimba kuwa salama. Hilo neno la pili, bhagini, ndiyo "dada".